Kompyuta ya Kupandisha Treni Mlimani

"Hii mashine yako ikipanda mlima, kitakachochoka kwanza ni nini?"

Swali hilo niliulizwa na mzee mmoja aliyesimama upande wa pili wa kaunta, mwaka wangu wa kwanza dukani, nikiwa na shahada ya kompyuta ambayo fremu yake ilikuwa bado inanuka vanishi. Nikafanya kile ambacho wasomi hufanya wakikosa jibu: nikamwambia swali lenyewe halikuwa sahihi. Kompyuta haipandi milima, nikasema. Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa duka limefungwa huku mlango anauona uko wazi. Kisha akavuta stuli, akakaa kusubiri.

Naandika haya kwa ajili yenu mliobaki kwenye meza ya kuunda kompyuta, maana mwezi uliopita niliwaachia. Ninyi mnasema nimestaafu. Mama yangu anasema mtu wa miaka thelathini na nne hastaafu, anaacha kazi, na anataka kujua nimegombana na nani. Sijagombana na mtu. Miaka kumi na moja ya kuinama imeitosha shingo yangu, na chuo kimoja hapa mjini kimenipa darasa la kufundisha. Mliniomba niwaandikie namna ya kuchagua vipuri vya kompyuta ya kwanza ya gemu kwa mteja mwenye fungu dogo. Orodha ya vipuri siwapi. Ya leo itakuwa imepitwa na wakati kabla hamjafika mwisho wa ukurasa. Nawapa habari za kompyuta moja, ya kwanza niliyoiunda, kwa sababu karibu kila kitu nilikikosea na bado naionea fahari kuliko zote.

Duka wakati ule lilikuwa la fotokopi, wino wa printa na kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini. Mwenye duka, Mzee Nassor, ni wa ukoo uliofanya biashara Tabora tangu mizigo ya pwani ilipokuwa ikifika kwa vichwa vya watu. Alikuwa na sheria moja iliyonichosha kuliko zote. Mzigo wowote ukifika, haufunguliwi mpaka wawepo watu watatu: aliyeuleta, anayeuza na anayenunua. Konda wa basi ana haraka ya kurudi stendi, mteja yuko shamba, lakini boksi linakaa juu ya kaunta limefungwa mpaka wote watatu wapatikane. Wiki yangu ya kwanza nilimuuliza kwa nini.

"Babu yangu alifanya hivyo."

"Na babu yako kwa nini alifanya hivyo?"

"Kamuulize," akasema. Babu alishazikwa kabla mimi sijazaliwa.

Mwingine alikuwa fundi Maganga, mtu wa Ipole, kwao warina asali. Aliishia darasa la saba. Alifungua kompyuta iliyokufa, akaingiza pua kwenye pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine, akanusa. Nilimuuliza ananusa nini. Akasema ananusa kama imeshaungua au inajiandaa. Chuoni hatukufundishwa kunusa, kwa hiyo nilimcheka, na yeye akaniita Msomi, jina ambalo halijanitoka mpaka leo. Vifaa vyake vilikuwa bisibisi tatu, mita ya kupimia umeme, brashi ya kupakia rangi aliyotolea vumbi, na penseli ya kubonyeza ambayo kwa miezi kadhaa niliamini ni ya kuandikia.

Mimi sikutaka kuzeeka nikitoa nakala za vyeti vya kuzaliwa. Nikabandika karatasi mlangoni bila kumuuliza mtu: TUNAUNDA KOMPYUTA ZA GEMU. Mzee Nassor aliisoma mara mbili.

"Umeshaunda ngapi?"

"Bado."

"Basi ibaki," akasema. "Ya kwanza ikikataa, unaibandua mwenyewe, unarudi kwenye fotokopi, na sitaki kusikia habari hizo tena."

Siku ya tatu ndipo akaingia yule mzee wa swali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesoma mlangoni."

Aliitwa Mzee Kasubi, mstaafu wa reli, sasa analima karanga na mpunga kijijini Ntalikwa. Kwenye simu ya mkwewe alikuwa ameona gemu la kuendesha treni: treni ndefu za mizigo, milima, stesheni, mvua, vyote. Alitaka hilo. Halikuwa gemu la simu, lilihitaji kompyuta yenye nguvu. Alipoona natabasamu, akaniambia sababu bila kubadilisha sauti.

"Hospitalini Kitete wameniambia ni presha ya macho. La kushoto limeshafunga. La kulia linaliwa kutokea pembeni. Katikati bado naona vizuri. Nataka kuiona reli kabla katikati nako hakujaliwa."

"Wamekuambia bado muda gani?"

"Hawakuniambia. Na mimi sikuwauliza."

Kisha akaeleza kwamba fungu alilonalo limetokana na mavuno ya mwaka ule na nyuma yake hakuna lingine. Nilihesabu nikaona linatosha kompyuta ya chini kabisa miongoni mwa zile ninazoweza kuziita za gemu bila kuona aibu. Nikamwambia arudi baada ya siku kumi.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyochagua, ili msirudie. Nilifungua intaneti nikaangalia majedwali ya watu wanaopima kompyuta za gemu huko kwao. Wote walisema kitu kimoja: kwenye fungu dogo, pesa nyingi zipeleke kwenye kadi ya picha, vingine vifuate. Mimi ninayehoji mpaka kwa nini chumvi huwekwa mwisho, hilo sikulihoji, kwa kuwa lilikuwa limeandikwa vizuri na lina michoro ya rangi. Nikaagiza Dar es Salaam kadi iliyomeza karibu nusu ya fungu. Prosesa, ubongo wa mashine, nikachukua ndogo. Ramu za kutosha, diski ya kasi, keisi ya mtumba.

Maganga aliisoma orodha yangu huku anakunywa chai.

"Gemu lenyewe umelifungua ukaliona?"

"Gemu ni gemu, fundi."

"Na nyuki ni nyuki," akasema. "Lakini kwetu wako wengine hawana mwiba."

Akaniomba jambo moja tu: mazabodi, ule ubao ambao vyote vinachomekwa, nisichukue ile ya bei ya chini kabisa. Nichukue inayokubali prosesa kubwa zaidi ya ile niliyoichagua, ikiwa siku moja itahitajika. Nikakubali ili aninyamazie. Hilo ndilo chaguo pekee kwenye orodha ile lililokuwa sawa, na halikuwa langu.

Siku ya kumi Mzee Kasubi alifika asubuhi amevaa koti. Kompyuta ilikuwa juu ya meza, feni zinazunguka kwa utulivu, na nakiri nilikuwa nimesimama kama bibi harusi. Mzee akakaa. Tulichagua njia yenye mlima na treni ya mabehewa ishirini na manne ya mizigo. Kitu cha kwanza alichogusa kilikuwa breki. Aliikaza, akailegeza, akaikaza tena, ndipo akakubali treni iondoke. Nikaona huyu ni mtu makini.

Kwenye tambarare ilikwenda vizuri sana. Majani yalionekana moja moja. Kisha reli ikaanza kupanda, na picha ikaganda nusu sekunde, ikaruka. Ikaganda tena.

"Inasita," akasema.

"Kidogo tu, mzee."

"Treni haisiti kidogo. Ikisita mbele, nyuma watu wanarushwa."

Nikamwambia nitaipunguzia kazi. Nikashusha ubora wa picha. Majani yakayeyuka, miti ikawa kama mboga iliyopikwa kupita kiasi, na treni ikasita vilevile. Nikashusha tena mpaka milima ikawa pembetatu. Ikasita vilevile. Mzee Nassor alikuwa amesimama nyuma yetu na tasbihi yake, na sikuhitaji kugeuka kujua kwamba anaitazama ile karatasi ya mlangoni.

"Punguza mabehewa," akasema Mzee Kasubi.

"Mabehewa hayahusiani, mzee. Hili ni suala la picha."

"Wewe punguza. Treni ikishindwa mlima tunakata nusu tunaiacha kituoni, tunapandisha nusu. Ikipanda, unajua injini haina ugonjwa, mzigo ndio umeizidi."

Nilipunguza ili nimwonyeshe kwamba amekosea. Mabehewa manane. Treni ikapanda mlima bila kusita hata mara moja. Maganga, ambaye alikuwa amejifanya anafuta printa, akasema nirudishe picha nzuri kama mwanzo. Nikarudisha. Majani yakarudi moja moja, na treni ikaendelea kupanda kama hakuna kilichobadilika.

Hapo ndipo nikaelewa. Kwenye gemu lile kila behewa lilikuwa na uzito wake, breki yake, mnyororo wake wa kuvuta na kusukuma, na vyote hivyo hukokotolewa na prosesa, tena kwa sehemu kubwa na kiini kimoja tu cha prosesa, hata kama ina viini sita. Kadi ya picha kazi yake ni kuchora. Kadi yangu ya bei kubwa ilikuwa imekaa tu, inasubiri prosesa ndogo imalize kuhesabu mabehewa. Nilikuwa nimeajiri mchoraji kwa kazi ya hamali. Na lile swali la kinachochoka kwanza lilikuwa swali sahihi kabisa, swali pekee ambalo mtu yeyote anapaswa kuuliza kabla hajanunua skrubu moja. Ubaya ni kwamba jibu linategemea gemu gani, na mimi sikuwa nimelifungua gemu.

Hapa nataka mnisome taratibu. Nilifungua mdomo kumwambia mabehewa manane yanatosha. Angekubali. Alikuwa mtu wa adabu, na hakuwa na namna ya kujua kwamba kwa fungu lilelile angeweza kupata ishirini na manne. Nilimwangalia. Alikuwa ameinama kuelekea kwenye kioo, jicho moja, akiifuata reli.

"Mzee," nikasema, "nimekosea. Nimekuchagulia vibaya."

"Mashine ni mbovu?"

"Mashine ni nzima. Niliyeichagua ndiye aliyekosea."

Mzee Nassor akasogea. Nikajua napelekwa kwenye fotokopi. Akaniuliza kama naweza kurekebisha bila mzee kutoa kitu kingine juu ya alichotoa. Nikasema sijui. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nilisema neno hilo bila kuliwekea maelezo.

"Una wiki moja," akasema. "Karatasi iache hapo kwanza."

Nikaanza kuzunguka mji nikitafuta mtu ambaye kadi ile ingemfaa. Siku ya tatu nikampata mpiga video za harusi ambaye kompyuta yake ilikuwa inachukua siku nzima kutoa mkanda mmoja wa sherehe. Nikakaa naye mpaka nikaona kwa macho kinachochoka kwenye mashine yake, na kweli kilikuwa kadi. Akainunua. Kwa pesa hiyo nikachukua kadi ya kawaida iliyokuwa kwenye rafu yetu wenyewe, ile niliyoidharau mwanzo, na nikaagiza Mwanza prosesa kubwa ambayo mazabodi ya Maganga ilikuwa tayari kuipokea.

Prosesa ikaja na basi. Konda akaiweka kaunta, akataka kuondoka. Mzee Nassor akamwambia asubiri, akamwagizia kahawa, akamtuma mtu kumwita Mzee Kasubi aliyekuwa sokoni. Mimi nilikuwa nakanyaga sakafu kwa hasira. Tulipofungua, watatu wakitazama, boksi lilikuwa limebonyea, na chini ya prosesa pini tatu zilikuwa zimelala. Prosesa za aina ile zilikuwa na pini nyembamba kama nywele, mamia. Ikilala moja, haichomekeki.

Konda akaitazama. "Nililikalia," akasema. "Kuanzia Nzega. Viti vilijaa."

Hakuna aliyemfokea. Muuzaji wa Mwanza hakupigiwa simu kutukanwa, mnunuzi hakumshuku muuzaji, nami sikumshuku mtu. Jambo lilijulikana hapohapo, mbele ya wote, kabla hasira haijapata pa kuingilia. Sikuuliza tena kwa nini babu yake alifanya vile. Maganga akachukua ile penseli yake ya kubonyeza, akatoa risasi yote, akaivalisha ile ncha tupu kwenye pini ya kwanza, akaisimamisha. Mimi nilishika tochi ya simu. Ya pili ikasimama. Ya tatu ilimchukua muda mrefu, na konda aliacha kunywa kahawa.

"Jaribu," akasema Maganga.

Ikaingia.

Sikumpa mzee mashine dukani. Safari hii nilikwenda nayo Ntalikwa, na mita ya Maganga mfukoni, kwa kuwa nilikuwa nimeshachoka kuamini nisichokipima. Kwenye soketi ya sebuleni umeme ulikuwa sawa, mpaka mashine ya kusaga ya jirani ilipowashwa. Hapo volti zikashuka mpaka taa ikawa ya njano. Nikarudi mjini kuchukua stabilaiza. Kompyuta tukaiweka juu ya meza ndogo badala ya sakafuni, kwa sababu vumbi jekundu la kule huingia kwenye feni kama limealikwa. Kioo nilichomchagulia kilikuwa kidogo. Watu wa gemu wanapenda vioo vipana, lakini pembeni yeye hakuwa anapaona, na pesa ya pembeni ndiyo iliyonunua stabilaiza. Hilo nilichagua mwenyewe, na lilikuwa sawa.

Akaweka mabehewa ishirini na manne. Akakaza breki, akailegeza. Treni ikaondoka.

Njia ile ilikuwa ya nchi za watu, yenye theluji na majina yasiyotamkika, lakini yeye aliibatiza palepale. Stesheni ya chini ya mlima akaiita Saranda.

"Imeandikwa vingine, mzee."

"Waandike wanavyotaka. Hapa ni Saranda. Kuanzia hapa unapanda mpaka Manyoni."

"Njia hiyo uliipita sana?"

"Naijua yote. Naijua kwa masikio."

Ikapanda. Sikutazama kioo, nilimtazama yeye, na sauti ya injini niliisikia ikibeba bila kukatika. Paji la uso wake lilikuwa karibu kugusa kioo. Kwenye kona kubwa, mahali reli inapojikunja na mlima wote unafunguka kwa mbele, alisema polepole, si kwa kuniambia mimi, "Kumbe inakuja hivi." Nilidhani anasifia gemu. Treni ilipofika juu aliisimamisha, akaweka mikono mapajani, akaniambia sasa naweza kwenda kunywa chai, na kwamba yeye atarudi Saranda kupanda tena.

Nilirudi dukani kwa miguu sehemu ya njia, na nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Karatasi ilibaki mlangoni mpaka jua likaifuta maandishi, tukaweka bango la chuma. Baada ya ile nimeunda kompyuta ambazo siwezi kuzihesabu, na kwa kila moja nilianza na kumwomba mteja anionyeshe gemu analolipenda, kisha nikakaa nikilitazama likichezwa mpaka nijue litachosha nini. Anayependa mpira, anayepiga risasi, anayejenga miji yenye raia elfu: kila mmoja ana mlima wake. Wengine waliona napoteza muda. Wengi wao walirudi na ndugu zao. Fundi Maganga amerudi Ipole kwenye mizinga, na brashi yake iko kwenye droo ya kushoto, msipakie rangi.

Mzee Kasubi aliendesha kwa miaka mitatu na kidogo. Nilikwenda kumtolea vumbi kila kiangazi, na kila mara alikuwa amesogeza kiti karibu zaidi na kioo. Mwaka wa mwisho wa kuona alikuwa akitazama kupitia kitundu tu, anasema kama mtu anayechungulia kwenye tundu la funguo, na reli ilienea humo. Hakunisimulia habari za kazi yake, nami, ninayeuliza kila kitu, sikumuuliza. Nilikuwa na hakika ninajua: dereva wa treni.

Alifariki mwaka jana. Nilikwenda mazishini, kanisa la Moravian limejaa mpaka nje, na mjukuu wake akasimama kusoma wasifu wa marehemu. Akasoma alikozaliwa, shule, ndoa, watoto. Kisha akasoma kazi: kwamba marehemu hakuwahi kuwa dereva, alikuwa gadi wa treni za mizigo, na kwa miaka yote ishirini na tisa alisafiri kwenye behewa la mwisho, akitazama reli iliyokwisha kupitwa.